Jibu kwa mchimba visima wa Makunduchi: mlima wa chokaa na maji yake

Msomaji mmoja wa Makunduchi, ambaye kazi yake ni kuchimba visima, ameandika hivi: "Assalaam alaykum mwalimu. Mwanangu yuko Form Three, kaja nyumbani na picha ya mlima wa Hispania unaitwa Torre Cerredo. Wameambiwa una mita 2,650, wote ni mawe ya chokaa, na uko mpakani baina ya mikoa miwili. Sisi huku mawe hayo ndiyo tunayoyavunja kila siku, na tunajua yametoka baharini. Sasa ya wenzetu yamepandaje huko juu, na yetu yamebaki chini? Na mbona wanasema mlima una theluji na mvua tele, lakini wanaoupanda hubeba maji ya kunywa? Na huo mpaka, nani kampa nani kilele?"

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu, lakini la pili ndilo lenye uzito, na hilo nitalikalia zaidi. Mlima wa chokaa huwezi kuuelewa kwa kuutazama urefu wake. Lazima uyafuate maji: yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanatokea wapi. Nyie wachimba visima wa uwanda, yaani nchi ya mawe ya chokaa, mnaujua mwisho wa safari hiyo kuliko wengi wetu tuliosomea vitabuni. Mlima wa mwanao unaonesha mwanzo wake.

Tuanze na jiwe lenyewe. Chukua kipande ulichokivunja leo kwa mtaimbo, kikwangue kwa kisu mpaka upate unga mweupe, kisha ukamulie ndimu juu yake. Inama utazame kwa karibu: utaona vipovu vidogo vinachemka na kupasuka. Hiyo ni hewa ya kabonidayoksaidi inayofunguliwa kutoka ndani ya jiwe. Jiwe la Torre Cerredo ukilifanyia vivyo hivyo, nalo litatoa povu. Kwa kemia, vitu hivi viwili ni kimoja, kalsiamu kaboneti, iliyojengwa na viumbe vya baharini.

Kinachotafautisha ni umri. Katika jiwe la Makunduchi bado unaiona bahari kwa macho: tumbawe na vitundu vyake, kombe limegandia ubavuni, pengine konokono mzima. Miamba mingi ya pwani yetu ya mashariki ilikuwa matumbawe hai wakati bahari iko juu kuliko leo, na mara ya mwisho bahari kusimama juu hivyo kwa mita kadhaa ni kiasi cha miaka 125,000 iliyopita. Kwa mtu, huo ni umri mkubwa. Kwa jiwe, ni jana. Chokaa ya Torre Cerredo ina zaidi ya miaka milioni 300. Ilipokuwa ikijengeka, dinosauri hajazaliwa wala ndege hajaruka, na kipande kile cha Hispania kilikuwa karibu na ikweta, chini ya bahari ya joto isiyo na kina kirefu. Ndani yake hupatikana vipande vya viumbe vilivyosimama juu ya vikonyo sakafuni mwa bahari, jamaa wa huyu kiti cha pweza tunayemkanyaga maji yakipwa. Kama mwanao anataka kitu cha katikati, baina ya yetu na ya Hispania, basi kiko ng'ambo ya Pemba, Tanga: mapango ya Amboni yamo katika chokaa ya zama za dinosauri.

Sasa, yamepandaje? Kwa kusukumwa, tena zaidi ya mara moja. Bahari ile ilipofungwa na mabara mawili yaliyokuwa yakikaribiana, tabaka za chokaa zilikatika na kupandishwa moja juu ya nyengine, kila moja ikiilalia mwenziwe kwa ukingo, kama makuti yanavyopangwa kwenye paa. Ndiyo sababu jiwe pale ni nene ajabu: si tabaka moja, ni tabaka ileile imerudiwa mara nyingi. Baadaye milima hiyo ya kwanza ililiwa na mvua na upepo mpaka ikanyong'onyea. Kisha, makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, bamba la ardhi (kipande kikubwa cha gamba la dunia) linalobeba Hispania na Ureno likasukumana na Ulaya. Msukumo huo ndio ulioinua milima ya Pyrenees kule mpakani na Ufaransa, na ukayainua tena makuti yetu yale ya mawe upande wa magharibi. Safu iliyopatikana huitwa Picos de Europa, na Torre Cerredo ndiyo kilele chake kirefu kuliko vyote.

Sisi hatujasukumwa na mtu. Ukingo wetu wa bara la Afrika ni mtulivu ukiulinganisha na ule, na kwa sehemu kubwa kilichopanda na kushuka hapa ni bahari. Miaka kama 20,000 nyuma, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, bahari ilikuwa chini kiasi cha mita 120 kuliko leo, na mkondo wa Unguja, ambao si wa kina kirefu, ukawa nchi kavu. Ushahidi mnao wenyewe jirani: katika pango la Kuumbi, si mbali na Jambiani, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya wanyama wa bara, punda milia akiwemo. Punda milia hakuogelea. Pemba ni habari nyengine, maana baina yake na bara pana shimo la mamia ya mita, na bahari haikuwahi kushuka kiasi hicho. Kwa hivyo ukiulizwa kwa nini Masingini haifiki hata mita 150, na pale ndipo juu kabisa pa Unguja, jibu ni kwamba hakuna bamba lililotugonga. Na tushukuru, kwa sababu mabamba yakigongana huja na mitetemeko.

Njoo kwenye maji. Mvua ikianguka hubeba kidogo ile hewa ya kabonidayoksaidi kutoka angani, na ikipenya kwenye udongo wenye mizizi hubeba nyingi zaidi. Maji yakichanganyika nayo yanakuwa asidi, dhaifu mno kuliko ndimu yako, lakini yana subira. Jiwe la chokaa limejaa nyufa, na kila ufa ni njia. Maji yanaingia, yanayeyusha kidogo, ufa unapanuka, mvua ijayo inapitisha maji mengi zaidi, yanayeyusha zaidi. Ufa wa unywele unakuwa wa kidole, wa kidole unakuwa wa mtu kupita. Ikifika hapo, mto hauna sababu ya kutiririka juu. Kwenye granite au udongo wa mfinyanzi maji hutafuta bonde. Kwenye chokaa hutafuta tundu.

Haya unayaona kwako. Uwanda wote kuanzia Chwaka kushuka Paje, Jambiani mpaka Makunduchi hauna mto hata mmoja wa kusema, ingawa mvua ya masika inanyesha kama kwengine. Vijito kadhaa vinavyotoka katikati ya kisiwa vikifika kwenye mawe hupotea tu. Upande wa magharibi, kwenye udongo mzito, mambo ni tafauti: pale maji yanakaa juu na chemchemi zinatoka, na ndiyo maana Sayyid Barghash aliweza kuyaleta maji ya Bububu mjini kwa mifereji. Pemba nayo ina vilima vya udongo na mabonde ya mpunga kila upitapo. Kwa hiyo kosa si la mvua, ni la jiwe, kama kosa ni neno lake.

Torre Cerredo ni uwanda uleule umesimamishwa wima. Juu kule hakuna mabonde ya kawaida yenye mlango wa kutokea. Kuna mashimo makubwa ya mviringo, mengine upana wake ni mamia ya mita, yamezungukwa na kuta za mawe pande zote. Wenyeji wa Asturias huyaita "jou", na moja lililo chini ya kilele linaitwa Jou de Cerredo. Mtu wa skuli akiyaona atadhani ni maziwa yaliyokauka. Si maziwa. Chini yake ni mawe matupu na matundu. Theluji ikiyeyuka mwezi wa sita, maji yanaimba ndani ya mawe unayoyakanyaga na wewe huyapati hata ya kunawa uso. Ndiyo maana wapandaji hubeba maji. Nyumba za kupumzikia zilizojengwa huko juu nazo hutegemea sana theluji inayoyeyuka, na mwisho wa kiangazi huanza kuhesabu ndoo, kama wake zetu walivyokuwa wakihesabu kabla ya mabomba.

Mashimo haya barafu imeyasaidia kuchimbika. Zama za baridi kali, mito ya barafu ilishuka kutoka vilele hivi na ikakwangua kuta. Kipande cha barafu ya kale bado kimejificha kwenye kivuli cha upande wa kaskazini wa Torre Cerredo, katika shimo liitwalo Jou Negro, kimefunikwa na vifusi vya mawe. Lakini barafu peke yake ingeacha maziwa. Aliyetoboa sakafu ni maji.

Nawe unayo mashimo hayo kwa udogo wake. Ile mifuko ya udongo mwekundu katikati ya maweni, ambamo watu hupanda muhogo na mtama, imepatikana kwa njia hiyohiyo: jiwe limeyeyuka, uchafu usioyeyuka umebaki. Hata ule ukali wa mawe ya uwanda, unaokata kandambili kwa siku moja, ni kazi ya mvua inayoyeyusha jiwe lisilo na udongo juu yake. Kule juu miamba imechorwa mifereji midogo yenye kingo kama visu, na wanaoipanda huvaa glavu si kwa baridi tu.

Chini ya hayo yote kuna mapango. Hapa ndipo urefu wa mlima unapokuwa na maana. Maji yanaweza kuteremka kadiri jiwe linavyoteremka, mpaka yafike usawa wa mto au wa bahari. Kwako Makunduchi usawa huo uko karibu na miguu, kwa hivyo mapango yetu, ya Mangapwani, ya Kiwengwa na mengineyo, yanakwenda kwa ubavu zaidi kuliko chini. Kwenye Picos de Europa, mashimo yaliyoshukwa na watu mpaka zaidi ya mita 1,000 yanapindukia kumi. Lile refu kabisa, Torca del Cerro del Cuevón, limo katika safu hiyohiyo ya kati yenye Torre Cerredo, nalo linashuka mita 1,589. Fikiria kisima chako, kisha ongeza kamba. Wanaoshuka humo hulala chini kwa siku kadhaa, kwenye baridi na manyunyu, wakifuata sauti ya maji. Sijapata kuwaelewa, lakini ramani zao ndizo zilizotufundisha habari hizi.

Na maji yanatokea wapi? Magharibi ya Torre Cerredo umepita mto Cares, ndani ya korongo lililokatwa kwa kina cha kutisha. Kutoka kijiji cha Caín, kilicho ndani ya korongo hilo, mpaka kileleni ni zaidi ya mita 2,000 kwenda juu, na ukipima kwa ramani umbali wa ubavu ni kilomita chache tu. Kuta za korongo hilo ndimo zinamobubujika chemchemi: maji yaliyoingia kwenye mashimo juu, yakapita gizani, yanachomoka ubavuni mwa jabali yakiwa baridi na safi. Mlima haukukosa maji. Umeyameza juu, umeyatapika chini.

Niseme kidogo juu ya mapango hayo, maana watu wa kule wameyatumia kwa akili. Wafugaji wa wilaya ya Cabrales, upande wa Asturias, huweka jibini yao ndani ya mapango ya chokaa, ambamo hewa ni baridi na ina unyevu mwaka mzima, mpaka iote ukungu wa kibuluu. Inanuka vibaya na bei yake ni kubwa.

Haya, mpaka. Kaskazini ya kilele ni Asturias. Kusini ni León, ambayo imo ndani ya mkoa mkubwa zaidi, Castilla y León. Mikoa ya Hispania ina serikali na mabaraza yake ya kutunga sheria ndani ya nchi moja; kwa msomaji wa Zanzibar sidhani kama hilo linahitaji maelezo marefu. Mstari wa mpaka umepitishwa juu ya ukingo wa milima na unapita kileleni penyewe. Matokeo yake, Torre Cerredo ndicho kilele kirefu kuliko vyote cha Asturias, na pia ndicho kilele kirefu kuliko vyote cha Castilla y León. Kila upande unasema ni wake, na kila upande unasema kweli. Hakuna aliyempa mwenziwe.

Lakini mwambie mwanao awe mwangalifu na jambo moja, kwa sababu mtihani unaweza kumtega. Vitabuni tunafundishwa kwamba mpaka ukipita kwenye ukingo wa mlima, basi maji ya upande huu yanakwenda huku na ya upande ule yanakwenda kule. Hapa si hivyo. Cares unaanzia kusini, katika bonde la Valdeón lililo upande wa León, kisha unaelekea kaskazini, unaikata safu nzima ya milima, unavuka mpaka na kuingia Asturias, na maji yake yanaishia bahari ya Cantabria. Mito inayokwenda kaskazini ina mteremko mkali kwa sababu bahari haiko mbali na milima, na mto wenye mteremko mkali huchimba kwa nguvu. Mgawanyiko wa kweli wa maji uko nyuma zaidi, kusini, kwenye vipito vya chini kama Pandetrave. Ukivuka hapo ndipo maji yanapoelekea mto Duero na kwenda kutokea Porto, Ureno. Mlima mrefu kuliko wote, basi, siyo unaogawa maji.

Ongeza sasa mashimo na mapango. Tone linaloangukia upande wa León wa kilele na tone linaloangukia upande wa Asturias, kwa sehemu kubwa yote mawili yatakutana katika Cares, na njiani yamepita chini ya mpaka bila kuulizwa pasipoti. Wanadamu nao wamefuata. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulichongwa mfereji ubavuni mwa korongo unaochota maji Caín, upande wa León, na kuyapeleka Camarmeña, upande wa Asturias, kuzungusha mitambo ya umeme. Njia ya miguu ya mafundi wa mfereji huo ndiyo leo watalii wanayopanga foleni kuipita. Hifadhi ya taifa ya huko pia imevuka mipaka: ilianza 1918 kwa kipande cha magharibi, ikapanuliwa 1995 mpaka kuingia mikoa mitatu, Cantabria ikiwa ya tatu.

Kuna namna ya kujua maji ya chini yanakwenda wapi, na hii naiandika kwa ajili yako zaidi kuliko mwanao. Wataalamu humwaga rangi maalumu isiyodhuru, ya kijani inayong'aa, ndani ya tundu la juu, kisha wanaweka vipimo kwenye chemchemi za chini na kungoja. Mara nyingi rangi hutokea mapema kuliko walivyodhani, na pahala wasipopadhania. Hiyo ndiyo tabia ya chokaa: maji hayachujwi. Kwenye mchanga maji hupita polepole baina ya chembe, na vijidudu vingi hufa njiani. Kwenye uwanda yanapita kwenye nyufa kama yanavyopita kwenye bomba, na yanabeba kila kilichomo.

Kwa hivyo umbali wa choo na kisima unaopimwa kwa hatua, ukafaa Mwera au Dole penye udongo, usiuamini sana Makunduchi. Maji ya chini kwenu, kwa jumla, yanatoka ndani ya kisiwa na kuelekea baharini. Mwenye nyumba akikuuliza choo kiwe wapi, kiwe upande wa baharini wa kisima na si upande wa ndani, tena mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Na ukiona kisima kinapanda na kushuka maji yakijaa na kupwa, au wakati wa bamvua kinageuka chumvi, jua kuna ufa mkubwa unaokiunganisha na bahari moja kwa moja.

Hapo hapo jihadhari na pampu. Maji matamu ya uwanda yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Hesabu inayotumika ni kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini yake kabla ya kukuta chumvi. Inaonekana ni neema, lakini igeuze: ukiyashusha maji ya kisima kwa nusu mita kwa kuyavuta kwa nguvu, chumvi inaweza kukupandia kwa mita 20. Kwenu, ambako hiyo mita moja yenyewe ni ya kubahatisha, kisima kifupi kinachotekwa kidogo kidogo kitadumu kuliko kirefu chenye pampu ya hoteli.

Kwa mwanao, mwambie asichore pembetatu yenye theluji juu na maneno "mlima wa chokaa". Achore mkato, yaani mlima kama umepasuliwa katikati uonekane ndani: kilele mita 2,650, mashimo ya jou pembeni, nyufa zinazoteremka, na chini kabisa Cares na chemchemi ubavuni mwake. Aweke mstari wa mpaka wa vitone kileleni, halafu mishale ya maji ipite chini yake kutoka pande zote mbili kuelekea mtoni. Pembeni achore mkato wa pili, wa Makunduchi, kwa nyufa zilezile lakini bahari ikiwa ndiyo mto. Mwalimu wake akimuuliza kwa nini mishale haijali mpaka, amfungulie ramani amwoneshe Cares unaanzia mkoa gani.